Kilomita Nane za Jua

Nianze na ukweli wangu, maana mimi sina tabia ya kuzungusha maneno: kuweka paneli ya sola juu ya paa la gari la umeme ni kujipa kazi bure. Nilisema hivyo siku ya kwanza, na mtu akija leo gerejini kwangu akaniuliza, nitamwambia vilevile. Mimi ni fundi wa magari ya umeme. Mikono yangu inazijua betri kuliko inavyozijua sufuria, na mwenye neno juu ya hilo aje aniambie usoni.

Aliyeniletea habari ya paneli ni baba yangu mzazi. Alikuja asubuhi moja, kofia mkononi, akasimama mlangoni mwa gereji kama mteja asiyejua bei.

"Hujambo, mama?" akaniita hivyo, kama anavyoniita akiwa na shida.

"Sijambo. Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nina kazi nataka unifanyie. Na sitaki kelele."

Nikajua hapo hapo kwamba kelele zitakuwepo.

Baba alikuwa mpiga picha. Miaka arobaini alikaa studio, akiwapanga watu kwenye stuli, akiwainua kidevu kwa kidole kimoja, akiwaambia wasitabasamu sana. Mpaka leo anatembea na kipima mwanga mfukoni, kijidude cheusi cha ukubwa wa kiberiti, na akiingia nyumba ya mtu hukitoa kwanza ndipo asalimie. Mama anamwita Mpiga Picha tangu walipoonana mara ya kwanza. Hata akiwa amemkasirikia anamwita hivyo hivyo, ila kwa sauti nyingine.

Alitaka nimwekee paneli juu ya paa la Yai. Yai ni kigari chao: kidogo, cheupe, cha duara, kilichonunuliwa kimeshatumika, na betri yake imechoka kama mwenyewe. Nikachukua chaki nikachuchumaa sakafuni. "Angalia hapa, Baba. Paa la Yai ni dogo kama meza ya chai. Paneli inayoenea hapo ni ya wati mia mbili na hamsini. Jua la maana kwa siku ni saa tano. Toa kinachopotea njiani. Unapata kilomita nane. Nane! Jua zima la siku nzima, na unapata umbali wa kwenda kununua mkate na kurudi."

"Nane," akasema, kama anaionja.

"Na hospitali ni kumi na moja. Kwenda tu."

"Najua umbali wa hospitali, mwanangu. Naupita mara tatu kwa wiki."

Hapo nikaiweka chaki chini. Figo za Mama zilikuwa zimeacha kazi mwaka wa pili sasa. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa analala kitandani, mrija umeingia mkononi, mashine inazungusha damu yake yote na kuirudisha imesafishwa. Saa nne nzima. Baba anakaa kwenye kiti cha plastiki pembeni, anamsomea magazeti ya zamani. Mwezi uliopita umeme ulikatika usiku kucha, asubuhi Yai halina chaji, na Mama akakosa zamu moja. Siku mbili baadaye miguu ilikuwa imevimba, anapumua kama aliyepanda ngazi, analala ameketi. Daktari alisema tumepona kwa bahati, tusirudie.

"Basi weka paneli juu ya nyumba," nikasema. "Huko zina maana. Zinalala zimeelekea jua, hazina mtu wa kumbeba."

"Nyumba ipi?"

Lo! Nilikuwa nimesahau. Wanaishi ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga, na paa ni la mwenye jengo, mtu asiyeruhusu hata kamba ya kuanikia. Yai lenyewe wanalichaji kwa waya mwekundu unaoteremka kutoka dirisha la jikoni, ghorofa tatu chini hadi uani.

"Paa pekee nililo nalo duniani," Baba akasema, "ni hilo la Yai. Na jua halina transfoma."

Nikamwambia nyakati kama hizo nitakuja na pikapu yangu ya gereji, nimchukue Mama mwenyewe, shida iko wapi? Akaiweka kofia kichwani, akaivua tena.

"Siku ile ulikuja na pikapu. Alikataa, sivyo?"

Kweli alikataa. Alisema yeye si gunia. Teksi nayo haitaki kuisikia tangu alipotapika ndani ya moja akitoka kwenye mashine, na dereva akamteremsha kando ya barabara mbele za watu. Aliapa: ataingia kwenye gari lake au hataingia popote.

"Mama yako amechoka," Baba akasema polepole. "Hasemi, lakini mimi uso wake nimeusoma maisha yangu yote. Anatafuta sababu moja tu ya kutokwenda. Akiipata ataishika. Mimi sitaki aipate."

Nikaichukua paneli kwa rafiki yangu mmoja, nikaifunga juu ya Yai siku hiyo hiyo, nikilalamika tangu skrubu ya kwanza hadi ya mwisho. Nikaweka na kioo kidogo kwenye dashibodi, kinachoonyesha kilomita zilizobaki kwenye betri na zilizoletwa na jua siku hiyo.

Basi bwana, kikaanza kipindi ambacho hata mimi, mtu wa skrubu na nati, sijui nikieleze vipi.

Uani kwao kuna mnara wa tenki la maji, mrefu, wa chuma, na kivuli chake huzunguka uani siku nzima kama mshale wa saa. Asubuhi kinagusa ukuta wa kufulia, saa sita kinajikunyata chini ya mnara wenyewe, jioni kinanyooka hadi getini kwa mlinzi. Kila siku isiyo ya hospitali, baada ya chakula, Baba na Mama walishuka ngazi taratibu, wakipumzika kila ghorofa, wakaenda kukaa ndani ya Yai. Gari limezimwa. Madirisha yako wazi. Mama amevua viatu, miguu iko juu ya mto. Hawaendi popote, wanasafiri.

Nilipita siku moja nikawakuta. "Tumefika wapi?" Mama anauliza, macho amefumba.

Baba akakitazama kioo cha dashibodi. "Kilomita moja na nusu."

"Hapo ni kwenye ile shule yenye kengele mbovu."

"Ndipo hapo. Wanatoka darasani sasa hivi. Punguza mwendo."

"Nani anaendesha, mimi au wewe?"

"Leo wewe."

Na Mama, macho bado amefumba, akapunguza mwendo. Nikasimama nje na boksi langu la vifaa kama mjinga. Mwanga ulikuwa laini, wa rangi ya maziwa, na nyuso zao humo ndani hazikuwa na mikunjo. Kwa dakika nzima nilisikia kabisa ile kengele mbovu. Wallahi, mimi! Kisha nikazinduka nikakiangalia kioo, na damu ikanichemka.

"Moja na nusu? Jua lote hili, moja na nusu?"

"Ndiyo hiyo," Baba akasema.

"Lazima iwe nane!"

Wiki nzima nikafungua, nikafunga, nikapima waya, nikabadilisha vichwa vya nyaya. Paneli nzima. Betri nayo nzima, pamoja na uchovu wake. Kila jioni: mbili, moja na nusu, mbili. Nikaanza kufikiri hesabu zangu ndizo zimeoza, na hilo, kwa mtu kama mimi, ni ugonjwa kabisa.

Nilikuja kugundua Jumanne ile ya balaa. Jumatatu jioni transfoma ya mtaa ililipuka, mlio mmoja, mtaa mzima ukawa giza, na gereji yangu nayo iko kwenye laini hiyo hiyo. Watu wa umeme walisema siku tatu. Yai lilikuwa limetoka hospitali, limebakiwa na kilomita nne. Keshokutwa yake, Jumatano, zamu ya mashine. Jumanne asubuhi mapema nikaenda kwao mbio, kichwani nishapiga hesabu: nne zilizopo, nane za jua la leo, jumla kumi na mbili. Hospitali kumi na moja. Na hospitali ina jenereta, kuna soketi nyuma ya chumba cha kufulia mashuka, watachaji hapo wakati Mama yuko kwenye mashine. Inatosha! Kwa kilomita moja tu, lakini inatosha.

Nikaingia getini. Jua lishapanda, uani kote kunameta. Na Yai limeegeshwa wapi? Katikati ya kivuli cha tenki! Limejikunyata humo kama paka, na Baba na Mama wamo ndani, leo wameshuka mapema.

Nilipandwa na mori. Sikusalimia, Mungu anisamehe. "Baba! Wiki nzima nazifungua nyaya kumbe ni wewe! Paneli ya sola unaiweka kivulini? Mtu unaweza kuweka sufuria mbali na moto ukangoja maji yachemke?"

Baba alishusha macho. Kipima mwanga alikuwa nacho mkononi, na mimi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Miaka arobaini alikuwa anawatoa watu juani. Jua kali linaharibu sura, alikuwa akisema, linachimba mashimo chini ya macho. Akiona mtu ampendaye juani, mguu wake wenyewe unamsogeza kivulini. Hiyo paneli ingewekwa kwa mtu mwingine yeyote ingefanya kazi. Ikawekwa kwa mpiga picha!

"Ni mazoea ya studio, sivyo?" nikamkaripia. "Unataka mwanga mzuri! Kesho mwanga mzuri utamfikisha hospitali?"

"Ni mazoea," Baba akasema. "Nisamehe, mwanangu."

"Mwache," Mama akasema.

Alikuwa amefumbua macho. Hakupandisha sauti, siku hizo sauti yake haikuwa na ngazi ya kupandia.

"Mwache baba yako. Kila siku analiweka juani, na kila siku namwambia anirudishe kivulini. Analizungusha nikitaka. Leo asubuhi pia ni mimi."

"Kwa nini, Mama? Joto? Nitakuletea feni..."

"Si joto." Akatazama mkono wake, pale mrija unapoingia, pamevimba na kuwa pagumu kama fundo la mti. "Nimechoka, mwanangu. Nilijua siku moja umeme utakatika tena. Nikasema, ikifika siku hiyo, gari liwe tupu, nami nipumzike bila kumwambia mtu hapana."

Niligeuka kwa Baba, na nikaona kwamba alijua. Alijua siku zote. Alikuja gerejini kutafuta jua, akalipata, kisha mkewe akamwomba kivuli, na hakuweza kumnyima. Alisimama katikati ya hayo mawili wiki nzima, akisogeza gari huku na huko, na hakuniambia.

Nililia kwa hasira, na hasira yangu ilisema kile ilichozoea kusema, hesabu. "Zimebaki nne," nikamwambia Mama. "Ukikaa juani mpaka jioni ni kumi na mbili, unafika. Ukikaa kivulini ni sita, hufiki. Basi. Mimi sina la kuongeza." Kisha nikaongeza, maana nilivyo ndivyo nilivyo: "Na mimi sijachoka kuwa na mama. Ulijue na hilo."

Nikaondoka bila kuaga. Gerejini siku hiyo nilivunja skrubu mbili na kumtukana mteja mmoja asiye na hili wala lile. Kila nusu saa nilitoka nje kutazama jua. Sijawahi kulitazama jua namna ile, kama mtu anayemtazama muuguzi akipita na faili. Mara wingu likapita, dogo, halina maana, na mimi nimesimama barabarani nalisonya.

Saa kumi na moja jioni nilirudi. Nilipofika getini nilikaza macho chini, sikutaka kuona. Ndiyo maana nikaona kwanza alama za matairi vumbini. Zilitoka kivulini asubuhi, zikaenda hadi katikati ya uwanja. Zikakaa hapo. Zikasogea hatua kumi upande wa ukuta. Zikasogea tena. Mara nne zilihama, na kati ya alama hizo kulikuwa na nyayo za watu wawili waliosukuma, wakiinamisha miili, ili betri isiguswe.

Mlinzi alikuwa amekaa chini, shati limelowa. "Mama yako," akaniambia akihema, "ni bosi mbaya."

Yai lilikuwa pembe ya mwisho ya uwanja, mahali pa mwisho palipobaki na jua. Baba ameegemea mlango, vifungo vyote vya shati wazi. Na kwenye kiti cha dereva, mikono miwili juu ya usukani, kitambaa cheupe kilicholowa maji kikiwa kichwani, jua limempiga usoni waziwazi, alikuwa Mama. Macho hakufumba.

"Ngapi?" akaniuliza.

Nikainama dirishani. Kioo kilisema kumi na mbili.

"Kumi na mbili," nikasema.

"Nilikuwa nimefika kwenye daraja," Mama akasema, "nikakumbuka kwamba kwa safari zetu za hapa uani sijawahi kulivuka. Nikaona niendelee kidogo." Kisha akamgeukia Baba. "Mpiga Picha, kamera yako iko wapi siku hizi?"

"Juu. Lakini si kwa jua hili. Linachimba mashimo..."

"Liyachimbe. Kesho uje nayo."

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, tuliondoka. Mimi niliapa sitawaacha waende peke yao, nikajibana kiti cha nyuma, boksi langu la vifaa mapajani kwa tahadhari. Njia ilikuwa tupu, ukungu mwepesi umelala juu ya lami, na Yai halina sauti, kwa hiyo ilikuwa kama barabara ndiyo inayotujia na sisi tumekaa uani tu, tunasafiri kama kawaida. Shule yenye kengele mbovu ikapita. Daraja likapita, na Mama akageuza shingo akalitazama hadi likapotea. Kioo kikasema saba. Kikasema nne. Mlima wa hospitali ukaanza, kikaruka kutoka tatu hadi moja kama kilichoteleza, na mimi nikalikumbatia boksi. Taa ya kobe ikawaka, ile ya kuonya kwamba betri inakwisha. Kisha Yai likapunguza mwendo kwa adabu zote, likajisogeza kando ya kibanda cha fundi viatu, likasimama.

Lango la bluu la hospitali lilikuwa linaonekana. Hatua mia mbili.

Baba alinitazama kwenye kioo cha juu. "Fundi," akasema taratibu. "Ile kilomita moja ya ziada iko wapi?"

Nikaliangalia boksi la chuma mapajani. Nikajiangalia mimi, kilo tisini za mwili. Hesabu yangu ya chaki ilikuwa ya wazee wawili wembamba.

"Sikujihesabu," nikasema.

Mama akacheka, kile kicheko chake cha zamani kinachoanzia puani, na Baba naye, mpaka kigari kikatikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa naogopa kupita kiasi. Sababu aliyokuwa akiitafuta miezi yote, hiyo imekuja yenyewe, imesimama mbele yake: gari tupu, mlima, asubuhi. Angesema neno moja tu na nani angemlaumu? Nami ndiye niliyemletea, kwa uzito wangu na kiherehere changu. Kwa mara ya kwanza maishani nilifunga mdomo.

Mlango wa mbele ukafunguka. Mguu mmoja ukashuka, ukaitafuta lami, ukaipata. Kisha wa pili.

"Ngoja nikushike," nikasema nikihangaika kutoka.

"Shika boksi lako."

Akaanza kupanda. Hatua tano, akasimama, mkono kiunoni. Hatua tano nyingine. Jua lilikuwa linatoka hapo hapo nyuma ya lango, jekundu, kali, limemwelekea usoni. Baba alimpita mbio kwa miguu yake ya miaka sabini na moja, akageuka, akainua kamera, akaishusha.

"Nageukia wapi? Nyuma yako kuna kivuli, mbele kuna jua, picha itaharibika!"

Ile picha ninayo, iko ukutani gerejini, juu ya hesabu za chaki. Baba anaapa kwamba hajawahi kupiga mbaya kama hiyo. Macho mashimo, paji la uso limeungua kwa weupe, mdomo wazi. Imemnasa wakati anasema, bila kusimama, bila kututazama sisi wawili:

"Twendeni, tutachelewa."